Mkeka wa Wadau Wote

Minazi ya Mikocheni ilianza kufa bila kelele. Kwanza nazi changa zilidondoka siku zisizo na upepo, kisha makuti yakageuka manjano, yakaning'inia, yakaanguka, na baada ya miezi michache mti uliokuwa ukilisha ukoo mzima ukabaki gogo refu lililosimama wima bila kichwa. Binadamu wanauita ugonjwa wa kunyong'onyea. Kituo chao cha utafiti wa kilimo, hicho hicho cha Mikocheni ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kimehangaika nao kwa miongo kadhaa.

Wanyama na ndege hawakuwa na kituo. Walikuwa na Mnana.

Mnana huyu alikuwa mama wa makamo, fundi wa kusuka, mwenye viota vyake kwenye mnazi ulioinamia Mto Mlalakuwa. Mnazi wake wa kwanza ulipokufa, alihama. Wa pili ulipokufa, alihama tena. Wa tatu ulipoanza kudondosha nazi, alitua chini akajiuliza swali ambalo baadaye lingewapatia wengi posho: ugonjwa huu unatoka wapi, na unaelekea wapi?

Akachana ukindu, akapata chane nyembamba, akazitia rangi. Mnazi mzima akaupa uchane wa kijani, mgonjwa wa zambarau, uliokufa mweusi. Kila mtaa akausukia ukili wake, na kila mkunjo wa ukili ukawa wiki moja. Kisha akazishona kili ubavu kwa ubavu, ukatoka mkeka. Msomaji wa Dar es Salaam asije akanielewa vibaya: si mkeka wa kubeti, wala si ule wa uteuzi unaotoka usiku watu wakiwa wamelala. Huu ulikuwa mkeka wa kutandika chini.

Ukiutandika, ulikuwa unauona ugonjwa ukitembea. Zambarau ilianzia kili za upande wa Kawe, mkunjo baada ya mkunjo ikaingia Mikocheni, ikaanza kunyemelea Msasani. Kwa hiyo Mnana alijua mapema mnazi upi asijengee. Majirani nao wakaona, wakawa hawajengi kiota bila kupita kwake asubuhi kuusoma mkeka.

Wa kwanza kujiunga alikuwa Kaa wa Mtoni, kule Temeke, mwenye makazi kwenye mikoko na minazi michache kando ya maji. Hakuleta barua ya utambulisho. Alikuja na bando la chane kwenye gando, akasema, "Dada Mnana, nifundishe kusuka. Mimi nitashika ukili wa Mtoni na wa Mbagala, nikikwama nitakuita." Akafundishwa. Kwa kuwa Kaa hujua kwenda upande tu, ukili wake wa kwanza ulienda mshazari. Mnana akaufumua, wakacheka, wakaanza upya. Ubia wote ulikuwa hao wawili, pamoja na mpwa wa Mnana, kijana mwepesi wa mkono ambaye ndiye aliyeshona kili na kufunga kona. Kosa likionekana leo, kesho limefumuliwa. Mwenyekiti hakukuwapo. Naomba msomaji akae kidogo na wakati huu, maana hautarudi upesi.

Novemba akaja Korongo.

Korongo huja kila mwaka kutoka Ulaya baridi inapoanza kuuma huko, na huondoka Machi. Mrefu, mweupe, miguu myekundu, huinua hatua kana kwamba chini ya kila jani kuna ripoti. Alisimama juu ya mkeka, akausoma kwa muda mrefu, akakunja mguu mmoja, maana ndivyo korongo wanavyofikiri.

"Jambo hili ni kubwa mno kuachwa dogo," akasema. "Nitalifadhili kwa misimu mitatu. Ila taratibu zetu zinataka ubia wa taasisi zisizopungua tano."

"Sisi tuko wawili na mpwa, Mheshimiwa," Mnana akajibu.

"Mpwa si taasisi."

Wakatafutwa wengine watatu. Kunguru hakutafutwa, alijileta. Ukoo wake uliletwa Unguja miaka ya 1890 kwa kazi ya kusafisha taka za mji. Mradi ukaisha, wataalamu wakabaki, wakavuka bahari, na leo hakuna jalala la Dar es Salaam lisilo na tawi lao. Alitua Mikocheni na msafara wa wajumbe, akatangaza kwamba hakuna taasisi yenye mtandao mpana kuliko yake. Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kumkatalia. Panya Buku akatoka Morogoro, akitembea taratibu kwa heshima za ukoo, maana ni mtu wao, Magawa, aliyevishwa nishani ya dhahabu ya Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia. Nishani hiyo ilitajwa katika kila kikao, hata kikao cha kuchagua chai. Wa mwisho alikuwa Popo wa Pemba, kutoka Kidike, mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu.

Mkutano wa kwanza haukufanyika Mikocheni, kwa sababu anayelala kwake hapati posho ya kulala. Ukafanyika Bagamoyo.

Siku ya kwanza yote ilikwenda kwenye nyayo. Ilikubaliwa kwamba kila taasisi itaweka alama ya unyayo wake kwenye pindo la mkeka, na kwamba Korongo, kama mfadhili, atakuwa na unyayo mkubwa. Baada ya hapo, nani afuate? Kunguru akataka mpangilio wa ukubwa wa eneo, Panya Buku akataka wa nishani, Kaa akauliza kama anaruhusiwa nyayo zote nane. Siku ya pili wakageukia jina. "Mkeka" lilionekana jina la uswahilini. Wakatoka na Jukwaa Jumuishi la Wadau la Ufuatiliaji wa Afya ya Minazi Kanda ya Pwani na Visiwani, ambalo kifupi chake kilimshinda hata Kunguru, kiumbe asiyeshindwa na kelele yoyote.

Hapo ndipo Popo, aliyekuwa amening'inia kimya kwenye boriti, alipofumbua jicho. "Jamani, tuelewane kabla hatujafika mbali. Huu mkeka ni jambo la Muungano ama si la Muungano?"

Ukumbi ukanyamaza. Mtu akapendekeza kamati ndogo. Kamati ikaundwa, ikapewa wiki mbili, na hadi naandika haya haijaleta taarifa.

Swali la nani atasuka liliwekwa la mwisho kwenye ajenda, alasiri ya siku ya mwisho, wajumbe wakiwa wameshafunga mizigo na wanachungulia dirishani kutafuta usafiri. Likapita bila mjadala: Mnana ataendelea kama kawaida. Yeye mwenyewe hakupata posho ya Bagamoyo. Mhasibu alimweleza kwa upole kwamba posho ni ya wajumbe, naye kwenye orodha ameandikwa fundi.

Kisha yakaanza maombi. Kunguru aliomba mkunjo mmoja wa ukili uhesabiwe mwezi badala ya wiki, kwa kuwa wakubwa wake husoma ripoti za mwezi. Popo akaomba kili za mikarafuu, maana Pemba bila karafuu si Pemba, na ukimwambia aangalie minazi peke yake utakuwa umemwomba aache kazi ya nyumbani. Panya Buku akataka chane za harufu: mnazi mgonjwa hunuka kabla haujaonyesha manjano, akasema, na ukoo wake umejengeka kwa pua. Kaa akataka kuonyesha maji kujaa na kupwa. Kila ombi, ukilitazama lenyewe, lilikuwa na akili timamu. Hilo husahauliwa na wanaokaa barazani kuucheka ubia uliovunjika. Hudhani palikuwa na wajinga. Mimi sijaona wajinga hapo. Nimeona wenye haja za kweli watano na mwenye sindano mmoja.

Na hesabu yenyewe ina ukatili wake. Wabia wakiwa wawili, kuna maelewano ya aina moja tu ya kulinda, kati ya huyu na yule. Wakiwa watano, ni kumi. Msimu wa pili Korongo alirudi na habari kwamba idadi ya wabia ni kimoja cha vipimo vya mafanikio, ubia ukapanda hadi wabia 12, na maelewano ya kulinda yakafika 66. Mkono wa kusuka haukuongezeka hata mmoja. Kati ya hao wapya alikuwamo Kobe wa Changuu, mzee wa heshima ambaye kizazi chake kilitoka Ushelisheli mwaka 1919 kama zawadi. Alikubali kwa moyo mkunjufu kutia sahihi hati ya makubaliano, na hati ilipomfikia, akaisoma na kuirudisha, msimu wa tatu ulikuwa unakaribia kwisha.

Mnana alisuka mchana, akafumua usiku. Akiongeza kili za karafuu, za harufu zinalegea. Akikaza za harufu, Kunguru anapiga kelele kwamba mwezi wake umepotea. Barua za kumpongeza zilikuwa nyingi. Aliziweka kwenye kiota, zikasaidia wakati wa baridi.

Mpwa ndiye aliyechoka kwanza. Mwewe mmoja wa Masaki, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa ameona kazi ya mikono yake, akamwita asuke matenga ya kupelekea samaki sokoni. Ujira ulikuwa mara tatu. Kijana alikuja kuaga jioni, kichwa chini.

"Shangazi, nisamehe. Kule nitalipwa kila mwisho wa mwezi. Huku nalipwa Korongo akirudi."

"Nenda mwanangu," Mnana akasema. "Ila nionyeshe kwanza jinsi ya kufunga kona."

Alimwonyesha, lakini giza lilikuwa limeingia, na mambo ya mkono hayafundishiki kwa usiku mmoja. Namna ya kufunga kona haikuwa imesukwa kama kielelezo popote. Alikuwa nayo vidoleni, akaondoka nayo Masaki. Tangu siku hiyo mkeka ulikuwa unafumuka pembeni.

Kunguru hakuweza kusubiri, na sitamlaumu sana. Wakubwa wake walikuwa wanadai ripoti. Akakata kipande cha mkeka, akakipeleka kwake, akakiita nakala ya muda. Panya Buku alipoona Kunguru amekata, naye akakata. Popo akachukua kili zake za karafuu akavuka nazo usiku. Kabla msimu wa tatu haujaisha kulikuwa na mikeka mitano, kila mmoja mzuri kuliko ule wa kwanza, wenye tarizi, wenye jina la taasisi kwa herufi kubwa, na kila mmoja ukawasilishwa kwa Korongo kama ndio mkeka.

Ugonjwa haukuwa mbia, kwa hiyo haukuhudhuria vikao. Ulivuka kwenda Kigamboni. Dalili zake zilikuwapo kwenye mikeka: zambarau ya Mtoni kwa Kaa, zambarau ya kivukoni kwa Kunguru. Walipojaribu kuiweka mikeka miwili pamoja, wiki ya Kaa ikaangukia mwezi wa Kunguru, chane za huyu zikakosana na chane za yule, na hakuna aliyeweza kusema ni wapi kulianza na ni wapi kulifuata. Wakabishana wiki baada ya wiki. Minazi ya Mjimwema haikungoja matokeo ya mabishano.

Wadau waliposhtuka, walifanya kile ambacho wadau hufanya. Waliajiri mshauri elekezi. Nani tena kama si Sungura? Alizunguka taasisi zote, akala kwa wote, akahoji kila mwenyekiti na kila makamu wake. Mnana hakuhojiwa, kwa sababu kila Sungura alipopita alimkuta juu ya mti anashona. Ripoti ikatoka nene. Iligundua kwamba tatizo la ubia ni upungufu wa uratibu, ikapendekeza sekretarieti ya kudumu, na ikaorodhesha sifa za mratibu: mwenye uzoefu wa kanda, mwenye kasi, mwenye masikio marefu.

Usiku ule ripoti ilipopokelewa kwa makofi, Mnana na Kaa hawakupiga makofi. Walikwenda Mlimani. Juu ya Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaishi Bundi, ambaye amesikiliza mihadhara mingi kuliko profesa yeyote na hajawahi kutoa hata mmoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mmekuja kwa ajili ya mkeka." Bundi alikuwa amesikia. Dar es Salaam nzima ilikuwa imesikia.

"Binadamu nao wana mkeka wao," akaanza. "Wa kwao ni wa wagonjwa. Afrika Kusini, mwaka 1994, ubaguzi ulipoanguka, serikali mpya ilirithi idara nyingi za afya, kila moja na fomu zake na hesabu zake. Ukiuliza watoto wangapi wamechanjwa, unapata majibu yasiyoweza kujumlishwa. Ninyi mnaijua shida hiyo. Watafiti wachache wa Cape Town pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, wakakaa kusuka. Hawakusubiri kila mtu akubaliane na kila kitu. Waliweka orodha fupi ya hesabu ambazo kila zahanati sharti izipeleke juu. Wilaya ikitaka kuhesabu na mengine, ihesabu. Mkoa ukitaka yake, iongezwe. Orodha fupi tu ndiyo isiguswe."

"Fupi kiasi gani?" akauliza Kaa.

"Fupi kiasi kwamba kila mmoja aliona imemkosesha kitu. Kutoka hapo ikakua. Programu ya kompyuta iliyobeba hesabu hizo ikasukwa upya, ile inayoitwa DHIS2, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Kerala, India. Kenya wakaieneza nchi nzima mwaka 2011. Hapa kwetu vijana wa kompyuta wa chuo hiki waliishika pamoja na Wizara ya Afya, na mwaka 2013 ikawa imeenea Tanzania Bara. Leo iko katika nchi zaidi ya 70."

Mnana alikuwa amesikiliza yote kwa jicho moja. "Babu, na nani anasuka?"

Bundi akageuza kichwa nyuma, akakirudisha. "Ah. Kati ya wajumbe wote waliowahi kunitembelea, wewe ndiye wa kwanza kuuliza hilo. Kiini kinasukwa Oslo. Pembezoni kila nchi ina kundi lake. La hapa linaishi chuoni, linasuka ya hapa na kufundisha majirani. Vijana wa Tanzania, Msumbiji na Malawi wamekwenda Oslo kusoma shahada za juu, wakarudi, na wengi wao ndio nguzo za makundi hayo. Ni ubia wa kweli, sikatai, na wa zamani kuliko miradi mingi niliyoisikia ikizinduliwa humu chini. Lakini ufunguo wa kiini uko pale penye mshahara usiokatika Machi."

"Kwa hiyo nihamie Oslo?"

"Kuna baridi, mama. Ungetaga mawe."

Kisha akashusha sauti, maana walinzi wa chuo walikuwa wanapita. "Na kuna jingine. Katika vyuo vingi duniani mwalimu hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Aliyesuka programu inayotumiwa na hospitali mia, akairekebisha kila wiki miaka kumi, akienda mbele ya kamati ya vyeo huulizwa: makala yako iko wapi? Huko Uingereza, mwaka 2012, baadhi yao walikutana Oxford wakatambua kwamba mtu huyu hana hata jina la kazi. Wakamwita injinia wa programu za utafiti. Mkiona kiumbe anafanya kazi miaka na miaka bila jina, msishangae mpwa wake akienda kusuka matenga."

Walirudi kwa miguu na mabawa hadi Mikocheni, bila kuongea sana.

Machi ikafika. Sherehe ya kufunga mradi ilipendeza kuliko ya kufungua: fulana, kofia, ngoma kutoka Bagamoyo, Mwenyekiti Kunguru katika rangi zake mbili. Korongo aliuliza swali lake la mwisho, lile ambalo hulitunza kwa ajili ya siku ya kuondoka. "Na uendelevu?"

"Upo, Mheshimiwa," Kunguru akajibu papo hapo. "Tumeshaunda kamati ya uendelevu."

Korongo akaandika, akakunja mguu, akaukunjua, akaruka kaskazini.

Masika yalinyesha kwelikweli mwaka huo, Mlalakuwa ukafurika ukabeba kila kilichotupwa ndani yake tangu masika yaliyopita. Mikeka mizuri ya taasisi ilikuwa imekunjwa na kuhifadhiwa, mmoja ofisini kwa Kunguru ukiwa ndani ya nailoni yake ya uzinduzi. Mchwa waliingia. Mchwa wana adabu moja, hawali kitu kinachotikiswa, na mikeka ile haikuwa imetikiswa na mtu. Mkeka wa Mnana, uliokatwa huku na kufumuka kule, ulikuwa ukitandikwa na kukung'utwa kila asubuhi. Ulibaki.

Kaa ndiye aliyeitisha kikao kilichofuata, chini ya daraja la Mlalakuwa, maji yalipopungua. Mwaliko ulisema hakuna nauli. Kunguru akatuma salamu. Panya Buku mwenye nishani akatuma udhuru, lakini binti yake alikuja, msichana mdogo wa mikono mirefu ambaye kumbe ndiye alikuwa anasuka kule Morogoro muda wote baba yake akihutubia. Kutoka Kidike akaja popo kijana, naye hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza wasukaji wote walikuwa mahali pamoja, na ilionekana kwamba wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana.

Hawakuandika hati. Walisuka ukili mmoja mwembamba wa chane saba: mtaa, wiki, mzima, mgonjwa, uliokufa, jina la aliyeangalia, na uchane mmoja mtupu kwa ajili ya yasiyojulikana bado. Huo ndio wa wote, na mkunjo ni wiki, mwenye wakubwa wanaosoma kwa mwezi akawajumlishie mwenyewe nyumbani. Karafuu, harufu, maji kupwa na kujaa, kila mtu akaambiwa ayatie kwenye tarizi yake upande wa nje, apendavyo, bila kuomba ruhusa na bila kumpa Mnana kazi. Popo kijana alikumbushia swali la Muungano kwa niaba ya wazee wake. Wakautazama ukili. Wakaona ni mwembamba mno kubishaniwa.

Kigumu kilikuwa siku. Kaa alitaka kila nyumba itoe msukaji wake siku moja kwa wiki, Jumanne, aje ashike ukili wa wote, na nyumba yake imhesabie kuwa yuko kazini. Fedha hakutaka, Jumanne ndiyo aliyoitaka. Hapo binti wa Panya Buku akakaa kimya, kwa sababu alijua baba atauliza nini. Na aliuliza kweli: "Jumanne yote, halafu ripoti yako iko wapi?" Wiki ya kwanza alinyimwa. Wiki ya pili alienda bila ruhusa. Wiki ya tatu alimletea baba orodha ya makosa aliyoyafumua, mengine ya Pemba, mengine ya Mtoni, na moja la Morogoro kwenyewe ambalo lingewafanya wahamie kwenye mnazi unaokufa. Mzee aliisoma orodha mara mbili. Hakusema neno, lakini mwisho wa mwezi Jumanne zilihesabiwa.

Wakaweka na sharti la kuingia: mtu hawi mbia mpaka awe amefumua na kutengeneza kosa la mwenzake, hadharani, na mwenzake akaridhika. Kunguru aliposikia akasema ni sharti la kudhalilisha taasisi ya hadhi yake. Kisha akauliza kama unyayo wake unaweza kubaki kwenye pindo kwa ajili ya kumbukumbu. Wakamwachia. Pindo lile lilikuwa la mkeka wa zamani.

Nyumba nne si 12, na Korongo akirudi Novemba huenda akaona ubia umesinyaa. Kipimo chake kitamwambia hivyo. Mimi naona umekua, kwa sababu siku ya Jumanne kuna mikono minne badala ya miwili, na Mnana sasa hulala usiku. Minazi bado inakufa. Mkeka hautibu mnazi. Ila mwaka huu zambarau ilipotokea Kunduchi walijua wiki ile ile, na walioko Mbezi wakahamisha viota kabla ya mvua.

Nafasi ya kufunga kona bado iko wazi tangu mpwa aende Masaki. Mwenye mkono wa kazi hiyo afike Jumanne asubuhi, Mikocheni, chini ya daraja la Mlalakuwa, na chane zake mwenyewe. Posho ya kulala hakuna.